Redio ya barzani: Msuka ilivyosikiliza siku za fitina

Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2001, baada ya sala ya Alasiri, wazee na vijana wa mtaa wetu wa Msuka walikaa barzani bila ya kahawa. Muuza kahawa hakutoka siku ile. Katikati yao palikuwa na redio ya mawe manne, imewekwa juu ya kigoda, na kila aliyefika alitoa salamu kisha akauliza neno moja tu: "Wameshasema?"

Asubuhi ile palikuwa na maandamano Micheweni, Wete na Chake Chake, kama palivyokuwa na maandamano Unguja. Watu walidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urejewe. Risasi zilipigwa. Kwetu Msuka, ambako njia ya kutoka Konde inakaribia kuishia baharini, habari zilifika kwa miguu na kwa baskeli, na kila mguu ulikuja na habari yake. Aliyetoka Konde alikuwa na idadi yake ya maiti, na aliyetoka Micheweni akawa na nyengine iliyozidi. Mvuvi aliyeshuka kutoka dago, ambaye hakuona lolote kwa macho yake, alikuwa na idadi kubwa kuliko wote.

Redio, wakati huo wote, ilikuwa inapiga nyimbo za kusifu amani. Hatutaitaja ilikuwa idhaa gani. Tunachokikumbuka ni kwamba kadiri zile nyimbo zilivyozidi ndivyo nyuso za watu zilivyozidi kukunjamana. Mtu aliyesikia kwamba mtoto wa jirani yake amepigwa risasi, kisha akaimbiwa uzuri wa utulivu, hatulii. Huona anafanyiwa dhihaka.

Palikuwa na jambo jengine pale barzani, ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Vijana walikuwa wameshanong'onezana kwamba ami yetu, mdogo wake baba, mtu wa chama kilichokuwa madarakani, ndiye aliyepeleka majina ya waandamanaji kwa wakubwa. Wapo waliokuwa tayari kwenda kwake magharibi ile kumchomea moto nyumba. Sisi tulikuwa watoto na vijana wadogo wa nyumba ya kaka yake, na tuliyasikia maneno hayo kwa masikio yetu tukiwa tumekaa nyuma ya watu wazima.

Kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kunguruma katika masafa mafupi. Mzee mmoja aliinua mkono na barza yote ikanyamaza. Habari ilikuwa nzito kuliko tulivyotaraji. Wazee walitamka "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun", na mmoja wao alijifunika uso kwa kilemba chake. Lakini ilikuwa ni habari yenye mipaka. Mtangazaji alisema lililojulikana, akasema pia kwamba mengine hayajathibitika. Tulisikia serikali ikisema lake, na wapinzani wakisema lao. Ilipomalizika, adhana ilikuwa inakaribia, na wale vijana, badala ya kuinuka kwenda walikokusudia, walibaki pale pale wakibishana juu ya walichokisikia. Baada ya Maghribi wakarudi barzani kusubiri habari nyengine. Wakasubiri hadi Isha, na hadi wakati wa kulala nyumba ya ami ilikuwa bado imesimama.

Tumelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Redio haikusema lolote juu ya ami yetu. Haikuhubiri, wala haikumwomba mtu atulie. Kazi iliyoifanya ni ndogo na ni kubwa: iliwakalisha watu chini, pamoja, wakiwa na kitu kimoja cha kusubiri, na hasira ya vijana ikalazimika kukaa karibu na subira ya wazee.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu vya historia. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilieleza kuwa watu wasiopungua 35 waliuawa katika siku zile na zaidi ya 600 wakajeruhiwa. Watu kiasi cha 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo hadi Shimoni, Kenya, wengi wao kutoka Pemba, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa nchi ya kutoa wakimbizi. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ule CCM na CUF zilitia saini Muafaka wa pili. Saini zilitiwa mbali na Msuka, na huku kwetu mambo yalichukua muda mrefu zaidi.

Msomaji asiyeijua Pemba ya miaka ile atashangaa tukimwambia kwamba fitina haikuanza kwa risasi. Ilianzia kwenye kususiana. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, watu wa vyama viwili walianza kususiana madukani, kisha kwenye gari za abiria, kisha harusini, na mwisho kwenye mazishi. Katika kijiji chenye magofu ya msikiti ambao ndani ya kibla chake umechorwa mwaka 816 Hijria, yaani 1414 Miladia, mahali ambapo Waislamu wamesimama safu moja kwa karne sita, walitokea watu waliochagua imamu wa kumfuata kwa kuangalia kadi yake ya chama. Baba yetu na ami hawakusemezana kwa takriban miaka saba, na nyumba zao zilitenganishwa na mikarafuu michache tu. Bibi yetu, mama yao, akawa anakula chakula cha mchana kwa mmoja na cha usiku kwa mwengine, na hakuna aliyemuuliza huko alikotoka wamesema nini.

Wazee wetu, wakitueleza habari ya redio na hofu, hawakuanza na mwaka 2001. Walianza na tarehe 12 Januari 1964. Redio za Msuka wakati huo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Asubuhi ile kutoka Unguja ilisikika sauti ngeni, Kiswahili chake si cha visiwani, ikijitangaza kuwa ni Field Marshal na kutoa amri baada ya amri, na kila amri ina adhabu ya kifo. Alikuwa ni John Okello, mzaliwa wa Uganda, ambaye aliwahi kuishi Pemba akifanya kazi za ujenzi, ingawa wengi waliomsikia hawakumjua. Wazee walisema kilichowatia khofu kuliko vitisho ni kutojua huyu ni nani: ni mtoto wa nani, ametoka wapi, nani anaweza kwenda kumsemesha. Sisi watu wa visiwani, kabla ya kumsikiliza mtu, huuliza kwanza ukoo wake. Sauti isiyo na ukoo ikitoka ndani ya sanduku, na ikawa inahesabu watakaouawa, hapana nyumba inayolala.

Miaka 30 baadaye, ndugu zetu wa Rwanda waliona makubwa zaidi. Redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kusikika mwaka 1993, ilikuwa na sauti za watu wanaojulikana na kupendwa, zenye mizaha na muziki wa vijana, na kwa sauti hizo hizo ikataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Kesi zake zilisikilizwa hapa hapa kwetu, mjini Arusha. Katika waliohukumiwa yumo Mbelgiji, Georges Ruggiu, mtangazaji wa redio ile, aliyekamatwa Mombasa mwaka 1997 akiwa amekwisha kusilimu. Alikiri makosa na mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Tunaitaja habari yake kwa sababu inaumiza na inafundisha: toba ina mlango, lakini neno lililokwisha kurushwa hewani halina mlango wa kurudia. Inafaa pia ikumbukwe, kwa haki ya Waislamu wa Rwanda, kwamba wengi wao waliwaficha waliokuwa wakiwindwa, bila ya kuuliza kabila.

Jirani yao Burundi ilijifunza kwa njia nyengine. Mwaka 1995, wakati watu wakiuana, palianzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura, ambako Wahutu na Watutsi walifanya kazi ya habari pamoja. Hekima yake ni nyepesi kueleweka na mtu yeyote aliyekaa barzani. Mwandishi wa upande mmoja peke yake angeaminiwa na watu wake tu, na kuna vitongoji asingeweza hata kuingia. Wakienda wawili, kila mmoja ni shahidi juu ya mwenzake. Redio ile ilitoa pia mchezo wa kuigiza juu ya majirani wa makabila mawili, na watu waliokuwa hawakai pamoja wakawa wanausikiliza mchezo mmoja.

Na Kenya, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Disemba 2007, kulikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Baadhi ya vituo vya lugha za makabila vilishutumiwa kwa uchochezi, hata mtangazaji mmoja akafikishwa The Hague, kesi ambayo ilisitishwa mwaka 2016. Upande wa pili, katika mitaa ya mabati ya Kibera, redio ndogo ya jamii iitwayo Pamoja FM ilikuwa hewani ikiwasihi vijana wa mitaa ile ile wasichomeane nyumba. Watangazaji wake hawakuwa wakizungumza kutoka ghorofani. Walikuwa wakaazi wa pale pale.

Turudi Pemba, kwa sababu lipo jambo moja la redio ambalo sisi watu wa Zanzibar tunalo na hatuoni kama wengine wamelipa uzito wake. Ni matangazo ya vifo.

Kila Mzanzibari anajua namna yanavyosomwa. Jina la marehemu, kisha mlolongo: ni mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, dada wa fulani wa Wete, shangazi wa fulani wa Mwera, mahali anapozikwa na wakati wa kusaliwa. Mtangazaji hatilii huzuni wala hakatizi. Nyumbani kwetu, wakati wa matangazo hayo, hata mwiko uliwekwa chini. Hapakuwa na mtu wa chama chochote aliyezima redio wakati wa vifo, hata yule aliyekuwa anaizima taarifa ya habari kwa hasira. Katika miaka ya kususiana, tunaweza kusema bila kuogopa, hicho kilikuwa kipindi pekee ambacho Pemba nzima ilikisikiliza pamoja.

Bibi yetu alifariki katika masika ya mwaka 2002. Alifia kwa ami. Baba yetu alikuwa dago, siku mbili mbali, na simu za mkononi kwetu hazijakuwa jambo la kila mtu. Ami ndiye aliyekwenda kupeleka tangazo. Tuliogopa jinsi atakavyoliandika, kwa sababu katika miaka ile walikuwapo watu waliowaacha ndugu zao nje ya tangazo la msiba, kana kwamba marehemu hakuwazaa. Tulikaa tumeizunguka redio, mama yetu na sisi. Likasomwa jina la bibi. Kisha likasomwa jina la baba yetu, la kwanza, kwa ukubwa wake, na la ami likafuata. Ami aliliandika kama inavyostahili.

Baba alilisikia akiwa juu ya mchanga wa kisiwa kingine, kwenye redio ya wavuvi wenzake. Hakuwahi maziko. Alifika siku ya tatu, usiku, na hakuja kwetu kwanza. Alikwenda kwa ami. Hatukuambiwa waliyosemezana, na hatukuuliza. Asubuhi yake tuliwaona wawili wameketi kwenye mkeka mmoja wakipokea watu wa rambirambi, na watu wa vyama vyote viwili walikuja, wengine kwa kusitasita mlangoni.

Hatusemi kwamba redio ilipatanisha Pemba. Maridhiano makubwa yalifanywa na watu: Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana tarehe 5 Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari kwa asilimia 66.4 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa kura ya maoni. Mchana wa kuhesabiwa kura zile, Msuka ilikaa tena barzani, na safari hii kahawa ilikuwapo.

Katika miaka hiyo tulipata pia redio ya karibu. Micheweni ilipata redio yake ya jamii, kwa msaada wa UNESCO, yenye kuendeshwa na vijana wa huku huku, wengi wao wa kujitolea. Ndani yake unasikia habari za mwani, za skuli isiyo na madawati, za ndoa za watoto, za kisima kilichoingia chumvi. Anayekosea kutaja jina la shehia hupigiwa simu kabla hajamaliza sentensi. Kabla ya uchaguzi wa 2015, redio za jamii za namna hii nchini zilipewa mafunzo ya kutangaza uchaguzi bila ya kuegemea upande. Mafunzo ni jambo jema, lakini sisi tunaona ulinzi wao mkubwa ni kwamba mtangazaji ataswali Ijumaa na watu aliowazungumzia Alhamisi.

Ulinzi huo ulijaribiwa. Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kupitia ZBC kufutwa kwa uchaguzi wote. Uchaguzi wa marejeo ulifanyika tarehe 20 Machi 2016, na upinzani ukaususia. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na karibu miezi mitano ambayo hakuna aliyejua kesho itakuwaje, na kususiana kule kwa zamani kukarudi madukani. Mwezi wa Disemba 2015, huko Unguja, watu waliofunika nyuso walikivamia kituo cha Hits FM na kukitia moto. Walioifanya kazi ile walijua wanachokichoma.

Wala tusijisafishe. Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivifungia kwa miezi 6 vituo viwili kwa tuhuma za uchochezi, na kimoja ni cha Waislamu, Redio Imaan ya Morogoro. Kingine kilikuwa cha Wakristo, Kwa Neema FM ya Mwanza. Tunajua wapo wasomaji wengi wanaoona Imaan ilionewa, na hoja zao si za kupuuzwa. Lakini swali la nini mtu anasema mbele ya maikrofoni, na kwa watu gani, na saa gani, tunapaswa kujiuliza sisi kwanza kabla ya kuulizwa na mamlaka.

Uislamu umelitangulia swali hilo. Aya ya 83 ya Suratun-Nisaa inawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, na inaeleza kwamba lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wenye uwezo wa kulichunguza wangelijua ukweli wake. Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inaamrisha habari ya fasiki ihakikishwe, wasije watu wakadhuriwa kwa ujinga, kisha majuto yakafuata. Aya hii maalim wetu wa chuo alitusomesha tukiwa wadogo. Kila tukiisoma, tunamkumbuka ami, na ile jioni, na zile idadi za maiti zilizokuja kwa baskeli.

Siku hizi idadi haziji kwa baskeli. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, kabla hata ya siku ya kura, Pemba ilikuwa tena katika taharuki. Chama cha ACT-Wazalendo kilisema raia wameuawa kwa risasi, na polisi wakakanusha. Mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini, lakini kwa njia hizi na zile vipande vya sauti viliendelea kuzunguka kwenye simu. Mtu asiyejulikana analia, au anaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ameona gari limejaa maiti, hasemi yuko wapi, hasemi ni lini. Ni sauti isiyo na ukoo, ile ile ya mwaka 1964, ila sasa imeingia chumbani, chini ya shuka, kwenye sikio la mtoto wa miaka 12, na hakuna mzee wa kuinua mkono.

Mama yetu, ambaye sasa ni bibi, alifanya alivyofundishwa na mkwewe. Alizikusanya simu za vijana wote wa nyumba na kuziweka juu ya kabati. Alisema tutasikiliza habari mara mbili, asubuhi na jioni, sote, kisha redio izimwe. Vijana walinung'unika sana. Mmoja alisema redio itaficha mambo. Mama akamjibu kwamba inawezekana, na kwamba ndiyo maana tutasikiliza idhaa mbili na siyo moja, na kama zote mbili zitaficha, basi tutajua Ijumaa kwa watu wanaorudi Wete. Kati ya habari na habari aliweka kisomo cha Qur'ani, kwa sauti ndogo, wakati akichambua mchele.

Siku ya pili ami aliingia, mzee kwa sasa, na mkongojo wake. Aliziona simu zimepangwa kabatini, akaguna, akatoa yake mfukoni akaiweka pamoja nazo. Kisha akaisogeza redio karibu na sikio lake lisilosikia vizuri, akauliza kama vifo vimeshasomwa.